Elvania Zirimu, mcheza kwao asiyetunzwa

Wahenga walitwambia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ni methali tamu, nasi huitumia harusini na mikutanoni pasipo kuipima. Ningependa leo kuipima kwa maisha ya mwanamke mmoja aliyecheza kwao, tena kwa ustadi, kisha akasahauliwa na majirani zake mapema mno. Jina lake ni Elvania Namukwaya Zirimu wa Uganda, mwigizaji, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, aliyefariki mwaka 1979. Wasomaji wa umri wangu waliopitia mikononi mwa walimu wa Kiganda huenda wakalikumbuka. Vijana wetu hawalijui kabisa.

Nina sababu ya kumkumbuka sasa. Miezi michache iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kijiji kisicho mbali na kwetu Myanga, alinijia ofisini na mswada wa mchezo. Aliuandika kwa Lubukusu. Kisa chake ni cha msichana anayenyimwa fungu katika shamba la marehemu babake. Alitaka ushauri wangu, kwa kuwa alikusudia kuuigiza sokoni, mchana kweupe, mbele ya wazee na wachuuzi. Nilimsikiliza, nikamsifu, kisha nikamshauri autafsiri kwa Kiingereza au Kiswahili, aupeleke kwenye mashindano, na zaidi ya yote amalize kwanza masomo yake. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Usiku ule nilikitoa rafuni kitabu chembamba cha tamthilia mbili za Zirimu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1975, na kadiri nilivyokisoma ndivyo nilivyozidi kuona haya.

Elvania alizaliwa Entebbe mwaka 1938. Ni vyema msomaji akumbuke Entebbe ilikuwa mji wa namna gani zama hizo. Ndiko alikokaa Gavana, ndiko zilikokuwa afisi za serikali ya kikoloni, na ziwa lililokuwa mbele yake liliwaleta wageni wa kila rangi. Kutoka huko alipelekwa King's College, Budo, shule iliyojengwa kwa kielelezo cha shule za Kiingereza juu ya kilima ambacho Waganda wanakiheshimu kwa sababu ya kutawazwa kwa wafalme wao. Baadaye alisomea ualimu Makerere, na hatimaye akavuka bahari hadi Leeds, Uingereza, alikopata shahada katika Kiingereza. Kwa hiyo tangu utotoni alilelewa penye njia panda: nyumbani Kiganda, darasani Kiingereza, na kote alikopita watu wa mataifa mengine.

Malezi ya aina hiyo huweza kumfanya mtu mgeni kwao. Wapo waliorudi kutoka ng'ambo wakishindwa hata kuwasalimu wazee wao ipasavyo. Elvania hakuwa miongoni mwao. Hata kabla ya kwenda Leeds alikuwa ameandika mchezo wa kitendo kimoja, Keeping Up with the Mukasas, ambao jina lake lenyewe ladokeza tabia ya kushindana na jirani, akina Mukasa, kwa fahari ya maisha. Mchezo huo ulipata tuzo katika tamasha la drama nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha David Cook, mwalimu wa Makerere, akautia katika mkusanyiko wa maandishi ya wanafunzi wa chuo hicho uliotoka mwaka 1965. Uganda ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Wasomi wengi waliangalia bendera. Binti huyu aliangalia sebule za watu, namna uhuru ulivyoingia pamoja na tamaa ya viti vipya.

Hatuna budi kuikumbuka Kampala ya wakati huo. Jumba la Kitaifa la maigizo lilifunguliwa mwaka 1959. Jarida la Transition lilianzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961. Juni 1962, Makerere iliwapokea waandishi kutoka pembe nyingi za Afrika. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi wa Makerere waliunda kundi la maigizo la kusafiri, wakaenda miji na vijiji vya Uganda na hata kuvuka mpaka hadi Kenya, wakiigiza katika lugha kadha bila kumtoza mtazamaji hata senti. Lakini Jumba la Kitaifa lenyewe lilikuwa bado makazi ya michezo ya Wazungu na Wahindi, na Mwafrika aliyeingia humo mara nyingi aliingia kutazama maisha ya watu wengine.

Hapo ndipo Elvania alipofanya kazi ambayo kwangu inapita vitabu vyake. Alikuwa nguzo ya kundi lililoitwa Ngoma Players, ambalo lengo lake lilikuwa kuandika na kuigiza tamthilia za Waganda wenyewe. Aliandika, aliongoza, na aliigiza. Mimi mwanaisimu siwezi kulipita jina hilo bila kusimama. Ngoma ni neno linaloenea katika lugha za Kibantu kama mto. Mswahili akisikia ngoma hufikiri chombo, mchezo, na shughuli nzima ya watu kukusanyika. Kwa Mnyarwanda ingoma ni chombo na ni utawala pia. Mbukusu na Mganda hawahitaji mkalimani walisikiapo. Kuliita kundi la maigizo kwa neno hilo ni kutamka kwamba sanaa hii haikuja kwa meli. Ilikuwapo, ikipigwa na kuchezwa, kabla ya jengo lolote kufunguliwa.

Haiwezekani kumzungumzia Elvania pasipo kumtaja mumewe, Pio Zirimu, ambaye alikuwa mwanaisimu na ambaye naye alipitia Leeds katika kizazi kimoja na Ngũgĩ wa Thiong'o. Pio ndiye aliyebuni neno orature, kwa kuwa aliona kasoro katika kuyaita masimulizi ya Waafrika kwa neno la Kiingereza linalotokana na herufi, yaani maandishi. Alitaka neno ambalo halitaifanya sanaa ya mdomo kuwa mtoto wa kambo wa kalamu. Naomba niongeze jambo moja kutoka katika taaluma yangu. Sisi Waswahili hatukuhitaji kugombana na neno letu. Fasihi imetokana na Kiarabu, na shina lake lina maana ya ufasaha, ulimi uliotakata. Kwa asili yake basi fasihi iko mdomoni kwanza, na andishi ndilo lililokuja baadaye. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hujifunza fasihi simulizi. Ni wangapi waliowahi kuambiwa habari za Pio na Elvania Zirimu? Mume alilitetea wazo hilo kwa hoja, na mke akalipandisha jukwaani.

Tamthilia zake zilizofuata zilithubutu zaidi. Family Spear, yaani mkuki wa ukoo, ni mchezo wa redio uliokuwa miongoni mwa iliyoshinda katika mashindano ya idhaa ya Afrika ya BBC, nao ulichapishwa mwaka 1973. Ndani yake kijana anagongana na babake kwa sababu ya mila ya kale ya ndoa, ambayo baba anaiona haki na kijana anaiona dhuluma. Elvania hakuwacheka wazee, wala hakuwapigia vijana makofi. Aliiweka mila mezani, akaiacha familia iitazame. Fikiri pia juu ya chombo alichokitumia. Redio iliingia katika nyumba ambazo mkazi wake hangeweza kamwe kununua tikiti ya Kampala. Kitabu cha mwaka 1975 kina tamthilia mbili, When the Hunchback Made Rain na Snoring Strangers. Ya kwanza, kama jina lisemavyo, inamhusu mtu wa kibyongo na mvua, nayo inachota katika hazina ya ngano.

Zingatia tarehe hizo. Idi Amin alitwaa mamlaka tarehe 25 Januari 1971. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Elvania iliandikwa au kuchapishwa katika zama ambapo mtu aliweza kutoweka kwa neno moja. Wenzake wengi walikimbia, nami siwalaumu. Walimu wa Kiganda waliovuka Malaba wakati huo na baadaye ndio waliowafundisha kaka na dada zetu wakubwa hesabu na Kiingereza katika shule za Bungoma na Busia. Kwetu Myanga, reli inayoelekea Malaba ilikuwa ukumbusho wa kila siku kwamba nchi ile iko karibu, na kwamba mashaka yake hayakuwa hadithi ya mbali.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa msiba kwa sanaa ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa mwaka huo wasanii wa Afrika nzima walikutana Lagos katika tamasha kubwa lililojulikana kama FESTAC. Pio Zirimu alikwenda huko, akiwa ameandaa pamoja na Austin Bukenya makala juu ya nafasi ya usemi katika maendeleo ya Afrika. Hakurudi hai. Alifia Lagos, na mauti yake yalizungukwa na minong'ono ambayo haikukoma. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia iliyoiwakilisha Uganda katika tamasha hilo, alirejea Kampala, na punde akakamatwa na kuuawa na watu wa Amin. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli yetu ikagawanywa vipandevipande. Huku kwetu Kenya, mchezo wa Kamĩrĩĩthũ ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulipigwa marufuku mwezi Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Wanaodhani kwamba maigizo ni burudani tu ya kupoteza jioni na wautazame mwaka huo mmoja.

Elvania alibaki mjane. Amin alipoangushwa mwezi Aprili 1979, serikali mpya iliwahitaji watu waliosoma na wasiochafuka. Elvania alipewa dhamana ya kuwa Balozi wa Uganda nchini Ghana. Nafikiri uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani Ghana ndiko Efua Sutherland alikokuwa amejenga maigizo juu ya msingi wa ngano za Ananse, na wanawake hao wawili wangalikuwa na mengi ya kuambizana. Lakini katika mwaka huohuo wa 1979 Elvania alikufa katika ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka uliofuata Robert Serumaga, mwenzake katika maigizo ya Uganda, naye akafariki mjini Nairobi. Katika muda wa miaka mitatu hivi, kizazi kizima cha jukwaa la Uganda kilikuwa kimekwisha.

Nini basi kilichobaki? Kilibaki zaidi ya majina. Rose Mbowa, mwigizaji na mwalimu wa Makerere aliyefariki mwaka 1999, aliendeleza maigizo yanayoigusa jamii, na tamthilia yake juu ya mama Uganda na watoto wake, ya mwaka 1987, ilijaribu kuwapatanisha kwa nyimbo na ngoma watu waliokuwa wametoka vitani. Yeye pia aliitafsiri kwa Kiganda tamthilia mashuhuri ya Bertolt Brecht kuhusu mama mchuuzi wa vitani. Hayo yasingaliwezekana kama watu wa mfano wa Elvania hawakuwa wamefungua mlango na kuonyesha kwamba Mganda anaweza kuandika, kuongoza na kujaza ukumbi kwa mambo ya Waganda.

Sasa narudi kwa yule binti wa Myanga, na hapa sina budi kusema ukweli ambao ofisini niliuficha nyuma ya maneno ya kitaaluma. Ushauri wangu haukutokana na isimu. Kama ni isimu, najua fika kwamba mchezo wa sokoni huigizwa kwa lugha ya soko. Ushauri wangu ulitokana na shamba. Baba yetu alipofariki, shamba lake liligawanywa kwa wana wa kiume watatu. Dada yetu, aliyemuuguza baba hadi pumzi ya mwisho, hakupata hata pahali pa kupanda mboga. Hakuna aliyeuliza. Nami, mwenye shahada tatu, nilipokea fungu langu na kulilima kimya. Niliposoma mswada ule wa Lubukusu niliisikia sauti ya dada yangu, nikaogopa kwamba soko zima lingeisikia.

Nimemwita binti yule tena na kumwomba radhi. Mchezo utaigizwa kwa Lubukusu, kama alivyouandika, na hakuna atakayetozwa kiingilio. Nimetoa fedha za kukodi turubai na vipaza sauti. Ndugu zangu wameshapata habari na hawajafurahi, nasi tuna kikao cha ukoo kabla ya siku ya mchezo, ambapo nitalirudisha suala la shamba mezani. Sijui kitamalizikaje. Dada nimemwalika katika yote mawili, kikaoni na sokoni.