Mwenda wa Bayeke: Gitaa la Katanga lililotangulia malori

Dereva anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Lubumbashi hupita Tunduma, huvuka Nakonde, hukata mbuga na misitu ya Zambia, kisha hujipanga foleni Kasumbalesa akisubiri karatasi zake. Wachache kati ya wanaosota kwenye foleni hiyo wanajua kwamba mmoja wa wapiga gitaa wakubwa kuwahi kuimba kwa Kiswahili alitoka upande wa pili wa mpaka huo, na kwamba aliwahi pia kumiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia.

Huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Mji huo una historia ambayo mfanyabiashara wa leo ataielewa haraka. Uliasisiwa na Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara kutoka upande wa Tabora, ambaye katika karne ya 19 alifuata shaba na pembe za ndovu, akabaki huko na kuwa mfalme. Watu waliokwenda naye waliitwa Bayeke. Bunkeya iliuza mali pande zote mbili, mashariki hadi pwani ya Zanzibar na magharibi hadi Benguela, Angola. Msiri aliuawa mwaka 1891 na watu wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na biashara yake ikaishia mikononi mwa wengine.

Mwenda alikulia katika Katanga ya migodi, ambako wafanyakazi wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, na gitaa lisilotumia umeme. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi mwaka huo ni Masanga, iliyotunukiwa Tuzo ya Osborn iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika.

Anayeisikia Masanga kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene na kushika mwendo, huku kidole cha shahada kikifuma sauti nyingine kwenye nyuzi nyembamba, na sauti hizo mbili hazigongani. Kwa mtindo huo mtu mmoja alitosha kuchezesha baa nzima. Mtafiti wa muziki David Rycroft aliichambua kazi hiyo sauti kwa sauti katika jarida la kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Heshima ya namna hiyo wapigaji wachache wa Kiafrika waliipata enzi zile.

Santuri zake zilitolewa kwa lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini na kuuzwa mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi. Huko alisikika redioni, pamoja na kutangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alijijengea jina mjini humo. Kwa vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa, vidole vya Mwenda vikawa shule. Alikaa muda mfupi tu, lakini upigaji wa gitaa Kenya haukubaki kama alivyoukuta.

Swali la fedha haliepukiki. Enzi zile ilikuwa kawaida mwanamuziki wa Kiafrika kulipwa mara moja siku ya kurekodi, basi. Santuri ikiuzwa nakala mia au laki, yeye alikuwa ameshakwenda zake. Mfanyabiashara yeyote anaijua hasara ya kuuza mali kwa bei ya shambani halafu kuikuta sokoni imepanda mara kumi. Mwenda hakutegemea gitaa peke yake. Alifanya kazi serikalini, benki na katika kampuni ya madini ya Gécamines, akaendesha bendi zake na biashara zake. Huenda ndiyo maana sifa za jukwaani hazikumlevya.

Mwaka 1969 alipiga katika Tamasha la Newport, Marekani. Miaka michache baadaye Rais Mobutu aliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo, naye akajulikana zaidi kama Mwenda wa Bayeke. Kwa wakati huo gitaa la umeme la Kinshasa lilikuwa limeshatawala redio, na gitaa kavu la Katanga likaonekana la kizee. Waliomkumbuka wengi walikuwa mbali. Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba kujifunza gitaa kwake na kwa wenzake, kisha akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1988 Mwenda aliingia studio Cape Town. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990, na albamu hiyo ikatoka Marekani mwaka 1994 bila yeye kuiona ikisambaa.

Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kukawa na hotuba nyingi kuhusu soko jipya. Nyimbo za Mwenda zilikuwa zimevuka mipaka hiyo zaidi ya miaka 60 kabla, kwa Kiswahili, bila cheti cha uasilia wa bidhaa.

Rekodi za Tracey zimetolewa upya kwenye CD Ulaya, na nakala za awali zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwenye simu pia zinapatikana. Mwenye safari ndefu aanze na Masanga, kisha atafute Bombalaka, Tambala Moja na Mama na Mwana. Atafute kwa majina yote mawili, Mwenda Jean Bosco na Mwenda wa Bayeke, kwa kuwa wauzaji wengine wameziorodhesha kana kwamba ni kazi za watu wawili.