FRONTINUS, MLINZI WA MAJI YA ROMA

Mara hii tunataka kuwaelezea maisha ya Sextus Julius Frontinus, mtu wa Roma ya zamani.

Huyu alikuwa mkubwa kweli. Karibu mwaka 73 kisha Kristo alifanywa konsuli, ni kusema mmoja wa wakubwa wawili wa serikali. Kisha akatumwa kuwa gavana wa Britania, akashinda kabila la Wasilure katika vita. Halafu, mwaka 97, kaisari Nerva akamwita, akampa kazi ya kutunza maji ya mji. Maji tu! Wengine wangeona haya.

Wakati ule Roma ilikuwa na mifereji mikubwa tisa. Ule wa kwanza, Aqua Appia, ulijengwa mwaka 312 mbele ya Kristo. Maji yalishuka yenyewe polepole, bila mashini, sehemu kubwa chini ya udongo, pengine juu ya matao ya mawe, mpaka mjini.

Frontinus hakutaka kuongozwa na watumishi wake kama kipofu. Alijifunza kazi kwanza: akatembelea mifereji, akatengenezesha ramani, akapima maji. Kumbe! Maji yaliyoingia katika mifereji yalipita sana yale yaliyoandikwa katika vitabu vya serikali. Yalikwenda wapi? Wenye mashamba walitoboa mifereji njiani. Na mafundi wa maji wenyewe walitoboa mabomba chini ya barabara, wakauza maji kwa siri. Frontinus akang'oa mabomba yale ya wizi, risasi nyingi ikapatikana. Akaandika yote katika kitabu, ili atakayekuja nyuma yake asidanganywe.

Akawa konsuli tena mwaka 98 na mwaka 100. Alikufa karibu mwaka 103. Mbele ya kufa alikataza watu kumjengea ukumbusho: kama maisha yake yalistahili, watamkumbuka tu.

Na ni hivyo. Kitabu chake kingali kinasomwa, na mfereji mmoja aliotunza, Aqua Virgo, ulitengenezwa tena kisha yeye, na hata leo unapeleka maji Roma.

Kati yetu kuna wenye kushika sanduku la darasa ao ufunguo wa depo. Mwizi wa inje tunamwona upesi. Lakini mlinzi akiiba, nani atajua, kama hakuna mtu wa kupima?