Nyerere na gharama ya uamuzi

KATIKA vilima vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere limebeba kumbukumbu mbili zisizolingana: Waha kuhamishwa kutoka makazi yao miaka ya 1970, na amani ya Burundi aliyoihangaikia hadi kifo.

Alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, akaanza shule Musoma akiwa na miaka 12. Baada ya kusoma Tabora, Makerere na Edinburgh, alifundisha Pugu. Mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi ya mshahara ingawa tayari alikuwa na familia.

Namna yake ya kuamua ilionekana wazi Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi ndani ya TANU waliona ni tusi, wakataka kususia. Nyerere naye hakuupenda utaratibu huo, lakini aliweka hasira kando na kupima matokeo: TANU ikikaa nje, wapinzani wake wangechukua viti vya Baraza la Kutunga Sheria bila jasho. Mkutano ulimkubalia. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake, lakini TANU na iliowaunga mkono walishinda.

Mwaka huo huo alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akapewa hiari ya faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Gereza lingempa sifa ya ushujaa. Yeye alilipa faini, akarudi kazini.

Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kukijenga chama mikoani. Ni wachache waliowahi kuachia kiti kingali na joto.

Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wanafunzi nao walirudishwa makwao kwa mamia.

Katika maamuzi hayo, yeye alikuwa miongoni mwa walioumia. Huko Buha mambo yalikuwa tofauti. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya vijijini watu waliozoea kuishi kila mmoja kwenye shamba lake, na gharama ikawaangukia wao: nyumba zilizoachwa na mashamba yaliyobaki mbali. Mwalimu alikuja kukiri kuwa kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Kuhusu vijiji, imani yake haikutetereka.

Aling'atuka urais mwaka 1985. Alipokuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi kuanzia 1996, maelfu ya wakimbizi wa nchi hiyo walikuwa wamejaa kambi za Kibondo na Kasulu. Aliendelea na vikao vya Arusha hata baada ya kugunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alifariki London Oktoba 14, 1999. Nelson Mandela alimrithi usuluhishi, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000.