Mwalimu Mtoro wa Bagamoyo

Vijana wetu hapa Kishanda wakisikia sifa za vyuo vikuu vya Ujerumani hudhani kwamba elimu yote ya huko ilizaliwa huko huko. Sisi tuliokula vumbi la chaki miaka mingi twapenda kuwasimulia habari za mwalimu mwenzetu aliyetoka pwani, akafundisha Berlin na Hamburg.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Alisomea elimu ya dini yake ya Kiislamu, kisha akawa mkusanya kodi chini ya Wajerumani.

Chuo Kikuu cha Berlin kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1810 kwa mawazo ya Wilhelm von Humboldt, aliyetaka mwalimu na mwanafunzi watafute maarifa pamoja, si kukaririshana tu. Baadaye dola ilipojipatia makoloni, ilihitaji watu wa kuweza kusema na wenyeji. Basi mwaka 1887 ikafunguliwa, pamoja na chuo kikuu hicho, Seminari ya Lugha za Mashariki. Haikuwa seminari ya mapadre; walisoma humo maofisa na wengine waliojitayarisha kupanda meli. Serikali yao ilitumia Kiswahili hata katika maboma ya mbali kama letu la Bukoba, lililoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890.

Kazi iligawanywa hivi: Mjerumani alifundisha sarufi, na mwenye lugha yake, aliyeitwa lekta, alifundisha matamshi na mazungumzo. Kabla ya Mtoro walipita Sleman bin Said na Amur bin Nasur wa Unguja. Mtoro alikwenda mwaka 1900 kufanya kazi pamoja na Carl Velten. Habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua ilichapwa mwaka 1901, na mwaka 1903 kikatoka Göttingen kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili: uzazi, jando, ndoa, madeni, mazishi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro. Jina lililowekwa mbele ni la Velten.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, msichana wa Kijerumani. Hapo mambo yakaharibika. Wanafunzi wake ndio waliojitayarisha kuja kututawala, na baadhi yao hawakukubali kumheshimu Mwafrika aliyesimama mbele yao. Mwalimu yeyote aliyewahi kuingia darasa lisilomtaka anajua uchungu huo. Mwaka 1905 aliacha kazi, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya Gavana von Götzen haikumruhusu Bertha kuishi nchini. Mtoro hakumwacha mkewe. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Akawa ameikosa Bagamoyo kwa ajili ya ndoa yake, naye hakuiona tena.

Hamburg, mji wa wafanyabiashara, haukuwa na chuo kikuu. Mwaka 1908 ulifungua Taasisi ya Makoloni, na mwaka uliofuata Carl Meinhof akapewa humo kiti cha kwanza cha uprofesa wa lugha za Kiafrika. Pale tena akahitajiwa Mtoro, naye akafundisha tangu 1909 hadi 1913. Vita vikaja, makoloni yakaenda, na mwaka 1919 juu ya msingi wa taasisi ile kikajengwa Chuo Kikuu cha Hamburg. Hivyo somo la Kiswahili, lililoanzishwa kwa ajili ya kututawala, likabaki kuwa elimu hata watawala walipokwisha kuondoka.

Yeye alikuwa amekwisha kutoka. Alipata riziki yake kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika mji hadi mji, akafariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka 1981 kitabu kile cha desturi kilichapwa upya, kimefasiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen. Safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari limo katika anwani yenyewe, miaka 54 baada ya kufa kwake.