Mzee Barack Obama: Mchumi aliyeshindwa na chupa

JINA la Barack Obama lilipovuma duniani mwaka 2008, baba aliyelibeba kwanza alikuwa amelala kaburini Nyang'oma Kogelo, Siaya, kwa miaka 26.

Mzee huyo, mtoto wa mpishi wa Wazungu, alizaliwa Nyanza, nchini Kenya, katika miaka ya 1930. Mwaka 1959 alikwenda kusoma Hawaii, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Harvard kusomea uchumi. Alirejea nyumbani mwaka 1964, na mwaka uliofuata alichapisha makala akiikosoa waziwazi sera ya serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Wachache walithubutu hivyo.

Kwa akili peke yake angefika mbali. Lakini alipenda wiski, tena kwa vipimo vya mara mbili, hata wenzake wa baa wakampachika jina kwa mazoea hayo.

Ulevi uliokwisha kuota mizizi haufuti elimu kichwani. Hudhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa. Ndiyo maana mtu anayeweza kukadiria mapato ya taifa hushindwa kukadiria safari fupi ya kutoka baa hadi nyumbani. Obama alipata ajali za gari zaidi ya moja, mojawapo ikamlaza hospitali kwa muda mrefu. Alipopona, alishika usukani tena, na glasi hakuiacha.

Si haki kuibebesha pombe lawama zote. Julai 1969, Tom Mboya, rafiki na mlezi wake kisiasa, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Obama alitoa ushahidi mahakamani, na mwaka 1970 alipoteza kazi katika shirika la umma la maendeleo ya utalii. Siasa ilikuwa na mkono wake hapo. Hata hivyo, wakati uliomtaka awe na hadhari kuliko wakati wowote ndio aliozidisha kunywa.

Mwishoni mwa mwaka 1971 alikwenda Honolulu kumwona mwanawe aliyekuwa na umri wa miaka 10. Hawakuonana tena. Katikati ya miaka ya 1970 alipata kazi Wizara ya Fedha, nafasi ya pili ambayo wengi hawaipati.

Novemba 1982, usiku, baada ya kunywa, aliingia ndani ya gari lake jijini Nairobi na kuliendesha mwenyewe. Liligonga kisiki cha mti, akafariki dunia. Mwanawe, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21, aliarifiwa kwa simu akiwa New York.