Mwalimu Enoch Sontonga, Mtunzi wa Wimbo Tunaouimba



Wadachi walipoitawala nchi yetu, wimbo wa taifa lao ulikuwa wa kumsifu Kaisari, nao uliimbwa siku ya kuzaliwa kwake. Baada yao wakaja Waingereza na wimbo wa kumwombea mfalme wao. Na ajabu ni hii, sauti ya nyimbo hizo mbili ilikuwa moja, maneno tu mbalimbali. Kaisari alikiacha kiti chake mwaka wa 1918, na wimbo wake ukaanguka pamoja naye. Bali wimbo tunaouimba leo haukutungwa kwa ajili ya mfalme ye yote. Aliutunga mwalimu wa shule ya misheni, ambaye wengi hawalijui jina lake.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alizaliwa Uitenhage, kusini mwa Afrika, yapata mwaka wa 1873. Alijifunza ualimu Lovedale, katika shule ya wamisionari wa Kiskoti. Shule hiyo ina undugu na ziwa letu, maana ndiko alikotoka William Koyi, Mxhosa mwenzake, aliyefika Ziwa Nyasa mwaka wa 1876, akawahubiri Injili Wangoni wa ng'ambo, hata akafa huko mwaka wa 1886.

Sontonga alipelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji ule ulikuwa mchanga, umejengwa kwa sababu ya dhahabu, na Waafrika waliokwenda kufanya kazi machimboni waliishi kwa dhiki. Akaiongoza kwaya, akawatungia wanafunzi wake nyimbo, akaziandika katika daftari kwa mkono wake. Nyingi zilikuwa za huzuni, maana aliyaona mateso ya watu wake. Mwaka wa 1897 alitunga ubeti mmoja na kiitikio, Nkosi Sikelel' iAfrika. Ndani yake hakumlaani mtu wala hakulisifu kabila lake. Alimwomba Mungu tu.

Wimbo huo uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka wa 1899, siku alipobarikiwa mchungaji mmoja Mwafrika wa Wamethodisti. Basi ulianza katika ibada, si katika vita wala katika kutawazwa mfalme.

Sontonga alitaka nyimbo zake zipigwe chapa, lakini hakuwahi. Alikufa tarehe 18 Aprili 1905, angali kijana, akaacha mke na mtoto mmoja. Daftari lake likapotea baadaye. Alizikwa Braamfontein, na katika kitabu cha makaburi akaandikwa Enoch tu, hata watu wasijue tena mahali alipolala.

Lakini wimbo haukuzikwa pamoja naye. Kwaya ya shule ya Ohlange, ya mchungaji John Dube, iliuimba mbele ya watu wengi. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, baada ya sala ya kuufunga mkutano ulioanzisha chama cha kutetea haki za Waafrika wa kusini. Mwaka wa 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti yake ikawa ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, Mungu Ibariki Afrika. Hata kaburi lake likatafutwa, likaonekana, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela akalitangaza kuwa ukumbusho wa taifa.

Basi ninyi waalimu wa vijijini, mnaowafundisha watoto kuimba na hakuna awashukuruye, msidhani kazi yenu ni ndogo. Sontonga hakusikia hata taifa moja likiuimba wimbo wake. Alipanda, wengine wakavuna. Nasi sote tusimamapo kuuimba, tukumbuke kwamba hatujisifu, bali twasali. Na mtu aliyeiombea nchi yake baraka, akiisha kuimba, atawezaje kwenda kumdhulumu jirani yake?