Frank Hornby, aliyeileta treni mezani

Darasani kwetu Jinja, treni ya mezani ilikuwa ikigoma pale tulipopaita Tororo, njia inapopinda kwenda Mbale. Wanafunzi walitaka kuifungua injini, nayo tunayo moja tu. Nikawazuia, nikawasimulia maisha ya Frank Hornby.

Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Hakusomea uhandisi, alikuwa karani wa hesabu kwa mwagizaji wa nyama. Nyumbani aliwakatia wanawe wawili vipande vya shaba. Watoto, kama tujuavyo, leo wanataka winchi, kesho daraja. Basi akatoboa matundu yote kwa nafasi sawa, nusu inchi, kipande kimoja kikafaa kila mahali. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ugunduzi wake, mengine yalifuata. Alipata hataza mwaka 1901, na mwaka 1907 vifaa hivyo vikaitwa Meccano. Treni zake za kutia ufunguo zilitoka mwaka 1920, zikiungwa kwa bolti na nati, juu ya reli zenye upana wa milimita 32.

Mwaka 1931, mwaka uleule treni ilipovuka Nile hapa Jinja kwenda Kampala, alichaguliwa mbunge. Alifariki Septemba 1936.

Tuliiacha injini, tukapima reli. Kwenye kona zilikuwa zimebanana kwa milimita moja nzima. Tulipozitanua, treni ilifika Mbale na mabehewa matatu. La nne bado linaanguka.